Waya Mmoja kutoka Mkomani hadi Langoni

Mutua, msimamizi wa makumbusho yetu ya mawasiliano hapa Amu, aliniomba niandike maelezo ya ubao wa simu ulio chumba cha pili, ayabandike ukutani kabla sijaondoka. Alitaka mistari sita. Nimejaribu mara tatu, na kila mara mistari sita imezaa mingine. Basi ya ukutani atayaandika mwenyewe, naye ana mwandiko mzuri. Haya nawaandikia ninyi mafundi vijana mnaobaki, wa makumbusho na wa minara ya simu, ambao mmekuwa mkiniuliza kazi ya simu ilikuwaje huku macho yenu yako kwenye simu zenu.

Sitasema habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, mishahara ilikwisha kwa kuwahi, na hayo mnayajua. Nitasema habari za waya, za watu wawili walionifunza kazi, na za barua iliyotoka makao makuu mwaka huu, nikiwa nimebakiza wiki mbili nistaafu. Barua ilisema kwamba chumba chochote cha makumbusho kisicho na hata kifaa kimoja kinachofanya kazi mbele ya wageni kitafungwa, na vifaa vyake vipelekwe stoo bara. Chetu hakikuwa nacho. Mkaguzi angefika baada ya siku kumi. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kutaka kushinda jambo kama nilivyotaka kushinda lile: ubao wa simu wa Amu ubaki Amu. Lakini nitakwenda kwa mpango.

Nilianza katikati ya miaka ya themanini, kijana wa Mkomani niliyetoka shuleni na viatu vipya. Jengo la simu lilikuwa ndilo hili hili la makumbusho. Fundi mkuu wa waya, Bwana Kombo, mzee mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa vizuri kuliko shati lake, alinitazama miguu kabla ya uso.

"Vua," akasema. "Hivyo ni vya harusi."

Nilivua. Kwingine fundi wa simu hupanda nguzo. Amu mjini vichochoro ni vyembamba, nguzo hazina pa kusimama, kwa hiyo waya zilipita ukuta kwa ukuta na dari kwa dari, yaani paa bapa kwa paa bapa. Fundi alipanda nyumba za watu. Na juu ya nyumba za watu, asubuhi, kuna wenye nyumba. Sheria ilikuwa kwamba kabla ya kuegemeza ngazi unapiga hodi mara tatu kwa sauti ya kusikika ghorofa ya pili, unasema "fundi wa waya", kisha unangoja mpaka uitikiwe kutoka juu. Nyumba zenye simu zilipigiwa kwanza na opereta: "Fundi anapita kwenu saa tatu, jifunikeni."

Siku ya kwanza nilitumwa nikakaze kikombe cha kauri cha kushikia waya kilicholegea juu ya nyumba moja nyuma ya soko. Niliegemeza ngazi nikapanda. Kichwa changu kilipotokeza juu, nilimwona mama mmoja amekaa akipara samaki, kichwa wazi. Hakupiga kelele. Aliinua beseni akanimwagia yote, maji na magamba. Nilishuka haraka kuliko ilivyo salama. Bwana Kombo alikuwa amesimama chini, mbali kidogo, mkavu.

"Umejifunza nini?" akaniuliza.

"Kupiga hodi."

"La. Hodi ulikuwa uijue kwenu. Umejifunza kuwa ukipanda bila hodi mimi husimama mbali."

Zana zake zilikuwa koleo, ngazi ya mikoko, bunda la waya, na mswaki. Sisemi mswaki wa dukani. Nasema mswaki wa mti, ule wa kuoshea meno. Chumvi ya bahari yetu huila shaba ikaifanya kijani, na matundu ya ubao wa simu yalipaswa kusafishwa kila wiki. Shirika la simu lilituletea brashi za waya, nazo zilikwaruza. Bwana Kombo alitafuna ncha ya mswaki mpaka ikawa laini, akaichovya katika spiriti, akazungusha ndani ya tundu mara mbili. Mpaka leo sijaona kifaa bora. Wageni wa makumbusho hudhani ule mswaki kwenye kabati la kioo umesahauliwa na mtu.

Sasa ubao wenyewe, kwa wale ambao hawajaugusa. Ni kabati la mbao lenye matundu hamsini, na juu ya kila tundu kuna kibati kidogo cha shaba kinachofunika nambari. Mtu akiwa nyumbani kwake akizungusha mkono wa simu, kibati chake huanguka, na opereta anaiona nambari. Opereta huchomeka plagi kwenye tundu, husema na mpigaji, kisha huchomeka plagi ya pili kwenye tundu la anayetakiwa. Kazi ni hiyo tu. Mtu wa miaka kumi anaweza kufunzwa kwa nusu saa. Lakini hakuna aliyeweza kuifanya kama Bi Zena.

Bi Zena alikuwa opereta mkuu, na alinizidi miaka kumi na tano. Aliujua mji kwa masikio. Ukimtaka mtu fulani dukani kwake, alikuunganisha na kinyozi, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na Alhamisi yule bwana hunyolewa. Ukimtaka mke wake, alikuambia, "Yuko arusini Langoni, nyumba haina simu, ngoja nimpigie jirani." Hakuwa akisikiliza mazungumzo ya watu. Nilimuuliza siku moja kama alikuwa akisikiliza, naye akanijibu, "Sisikilizi. Nasikia," na hapo nikaelewa kwamba swali limekwisha.

Kesi ngumu za miaka ile zilikuwa nyingi, nitatoa moja. Ndugu wawili, wafanyabiashara, walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya nyumba ya urithi. Kila mmoja alikuwa na simu. Siku moja wote wawili walikuja ofisini, kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidai kwamba mwenzake anamsikiliza katika simu. Nilifuata waya kuanzia ubao, dari baada ya dari, hodi baada ya hodi, kwa siku mbili. Nilichokikuta ni kiota cha kunguru. Kunguru wa Amu hujenga kwa chochote, na yule alikuwa ameokota vipande vya waya tulivyodondosha sisi wenyewe, akasuka kiota juu ya nyaya mbili, moja ya kaka na moja ya mdogo wake, akaziunganisha vizuri kuliko fundi. Kwa wiki nzima ndugu wawili walikuwa wakisikia kila neno la mwenzake.

Nilimweleza Bi Zena. Akaniambia, "Usiwe na haraka ya kukitoa." Basi nikakiacha siku tatu zaidi. Mtataka niseme walipatana. Hawakupatana. Walikuja tena ofisini kila mmoja na orodha ya mambo aliyotukanwa, na Bwana Kombo akanituma nikakitoe kiota mchana uleule. Tangu hapo mimi huokota kila kipande cha waya ninachokata, na nyote mmeniona nikifanya hivyo chini ya minara mkanicheka.

Kisha zilikuja simu za mkononi, kubwa kama mche wa sabuni, na watu wakapanda juu ya madari kutafuta mtandao bila hodi wala salamu. Ubao ulizimwa. Siku hiyo Bi Zena alivuta plagi zote, akazipanga, akafunika kwa kanga, akaenda zake kupika. Bwana Kombo alikuwa amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Mimi nilihamishiwa minara. Miaka mingi nilivuka kwenda Pate na mapipa ya dizeli, nikapanda mnara wenye upepo wa kung'oa kofia, nikawafunza wengine wenu. Minara ni kazi nzuri. Ina kasoro moja, kwamba ikiharibika huoni aliyekosa. Unaona taa nyekundu, unabadilisha kadi, taa inakuwa ya kijani.

Ubao uliandikiwa kwenda kutupwa. Barua ile niliipokea mimi, nikaiweka mahali pazuri, na mpaka leo sijapakumbuka. Jengo lilipogeuzwa makumbusho, ubao ulikuwa bado umekaa palepale chini ya kanga. Nikaombwa nirudi kama fundi wa vifaa kwa miaka yangu ya mwisho. Mutua alikuja kutoka Machakos kusimamia. Alikuwa hajapata kuona bahari, na wiki ya kwanza aliniuliza punda wote hawa ni wa nani. Lakini alijua kupanga vitu, na alikuwa na hamu. Tulikusanya simu za mkono wa kuzungusha, mashine ya telegramu, redio za boti, kibanda cha simu ya sarafu, na rafu nzima ya simu za mche wa sabuni. Watoto wa shule walikuja, wakatazama, wakauliza kwa nini hakuna kinachofanya kazi. Makao makuu nao, kama mlivyosikia, waliuliza swali hilohilo, ila wao waliliandika katika barua.

Mutua aliisoma barua kwa sauti, kisha akaisoma tena kimoyomoyo.

"Mzee Omari, wanataka tuanze kupaki vitu kabla mkaguzi afike. Wanasema itaokoa wakati."

"Wakati wa nani?"

"Hawajasema."

Akaenda kuagiza masanduku, kwa kuwa ameajiriwa na agizo ni agizo. Mimi nikaenda kutazama waya. Kati ya laini hamsini za zamani, ni moja tu iliyokuwa bado imesalia ukutani: ile ya nyumbani kwa Bi Zena, Langoni, aliyowekewa ili aweze kuitwa kazini saa yoyote. Ilikuwa imesalia kwa sababu ilipovuka vichochoro wanawake walikuwa wameifanya kamba ya kuanikia nguo. Niliifuata kwa hodi, nyumba kwa nyumba, nikiwaomba waanue kanga zao. Mama mmoja aliniuliza atarudishiwa lini kamba yake. Nikamwambia ikifeli kazi yangu, siku kumi.

Siku saba nilifanya kazi kama kijana. Nilisafisha matundu hamsini kwa mswaki. Nilibadilisha vikombe vilivyopasuka, nikaweka betri mpya, nikafunga simu ya mkono wa kuzungusha sebuleni kwa Bi Zena, ambaye alinipa chai na kunikosoa. Mutua alipigilia masanduku matatu mchana, na jioni alikuja kunishikia ngazi. Mita ilionyesha waya ni mzima kutoka Mkomani hadi Langoni. Siku ya nane, saa nne asubuhi, Bi Zena alizungusha mkono kwake. Kwenye ubao kibati kilitikisika kidogo kikabaki juu. Nilichomeka plagi nikasikiliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliye chini ya kisima cha mbali.

Nilirudia kila kiungo. Hakuna nilichokiona. Saa kumi alasiri nilikwenda Langoni kumwambia Bi Zena kwamba nimeshindwa, na kwamba ubao utakwenda bara.

Alikuwa akisuka ukili. Hakuinua macho.

"Tumeujaribu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne haikuwa ikishika vyema hata zamani. Ukitaka sauti, ngoja watu wasali."

"Bi Zena, mimi nasema mambo ya ufundi."

"Na mimi nasema mambo ya ubao. Sisemi baraka, Omari. Nasema mayi."

Kisha akanieleza habari ya maji hayo, na hapa nawaomba msome polepole. Waya ulikuwa haba zamani, kwa hiyo laini zetu zilikuwa na waya mmoja tu. Njia ya kurudi ilikuwa ardhi yenyewe: kila upande tulipigilia fimbo ya shaba mchangani. Fimbo ya ubao ilikuwa nje ya jengo, chini ya ukuta unaopakana na msikiti wa Ijumaa. Mchanga mkavu haupitishi kitu. Lakini fimbo ile Bwana Kombo aliipigilia mahali yalipokuwa yakitokea maji ya udhu. Kila watu walipotawadha, mchanga uliloa, na laini zote za mji zikapona. Kati ya alfajiri na adhuhuri palikauka, na sauti zikafifia. Bi Zena aliliona hilo kwenye ubao kwa miaka, akamwambia Bwana Kombo, naye akamsihi anyamaze, kwa sababu makao makuu wakijua wataleta fomu.

"Kwa nini hamkuniambia mimi?"

"Ulikuwa ukifurahi," akasema. "Kila asubuhi watoka na ngazi yako, laini ni mbovu. Warudi baada ya adhuhuri, laini ni nzima. Waandika katika kitabu: imetengenezwa. Kombo akasema tukuache."

Kitabu kile cha kazi kipo makumbusho, kabati la tatu. Nilikwenda kukitazama. Neno "imetengenezwa" liko kwa mwandiko wangu kila ukurasa, na karibu mara zote saa ni kati ya saa saba na saa nane mchana. Kwa miaka kumi nilikuwa nikijiandikia kazi iliyofanywa na watu waliokuwa wakinawa miguu. Someni kitabu hicho kabla hamjaandika ripoti zenu za minara.

Msikiti ulikuwa umekarabatiwa miaka michache nyuma, na maji ya udhu yakaelekezwa kwa bomba kwenye shimo la upande wa pili. Chini ya ukuta wetu mchanga ulikuwa kama unga. Nilimwita Mutua, nikamwambia alete ndoo ya maji aimwage pale nilipomwonyesha, kisha nikaketi kwenye ubao nikimsubiri Bi Zena azungushe kama tulivyopatana. Kibati kilianguka, kikagonga mbao kwa sauti kavu ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya kanga. Mutua aliingia na ndoo tupu.

"Mzee, unaniambia hii ubao yote ilikuwa inafanya kazi na maji ya kutawadha?"

"Ndivyo."

"Na nikiandika hivyo ukutani?"

"Andika. Ila usiandike miaka."

Siku ya tisa nilikwenda kwa mtunzaji wa msikiti kumwomba tutoe tawi la bomba, maji yapite kwanza kwenye fimbo yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maji yakishatawadhiwa hayana mwenyewe," akasema. "Chukueni. Lakini msiyarudishe." Tulilaza bomba kabla ya magharibi.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Mutua alikuwa ameomba ibadilishwe, kwa maana Ijumaa mji wetu hufunga adhuhuri, lakini makao makuu walisema ratiba ni ratiba. Mkaguzi, Bi Nyambura, alishuka kwenye gati saa nne kasoro, mama wa makamo mwenye daftari na viatu vya kutembelea. Ndege yake ya kurudi ilikuwa saa tisa, ng'ambo ya pili, Manda. Aliyatazama masanduku matatu yaliyopigiliwa misumari akasema kazi nzuri. Kisha akautazama ubao.

"Huu ndio mnasema unafanya kazi?"

"Unafanya," nikasema.

"Nionyesheni."

Ilikuwa saa nne barabara. Mabomba ya msikiti hayakuwa yametoa tone tangu alfajiri, na joto lilikuwa kali. Mutua alichukua ndoo akaelekea nje, Bi Nyambura akamzuia.

"Maji ya nini?"

"Ya kumwagia ukuta, madam."

"Hapana maji karibu na vifaa vya makumbusho. Hiyo ni kanuni ya kwanza. Weka chini."

Akaweka chini. Bi Zena alikuwa Langoni akingoja, na kwa saa tuliyopatana akazungusha. Kibati kilitikisika, kikabaki juu. Bi Nyambura aliandika mstari mmoja katika daftari lake. Sikuusoma, lakini ulikuwa mfupi.

Ningeweza kumwambia kwamba leo kuna hitilafu ndogo. Hayo niliyasema kwa miaka kumi. Nikamweleza mambo yote, ya waya mmoja, ya fimbo na ya udhu, na ya kitabu changu cha kazi. Alinisikiliza kwa makini, nikaona kwamba ni mtu wa haki.

"Mzee Omari," akasema, "mimi nimekuja kukagua vifaa. Sikuja kukagua imani. Unataka ningoje sala?"

"Ungoje udhu. Sala ni yetu."

Alitazama saa. Akatazama masanduku. "Nina hadi saa nane. Na nitajaribu mwenyewe, kutoka ule upande mwingine. Sitaki mtu wenu ashike simu huko."

"Basi nitamwita Bi Zena aje huku," nikasema, "maana kwenye ubao hakai mtu mwingine yeye akiwepo."

Bi Zena alikuja kwa miguu kutoka Langoni, buibui jipya, miwani mbili shingoni. Alimsalimu mkaguzi, akafuta kiti kwa leso yake, akaketi mbele ya ubao, akasogeza plagi moja ambayo mimi niliiweka kinyume. Mutua alimletea chai. Adhana ilipotoka mimi nilikwenda msikitini.

Siku za Ijumaa msikiti ule hujaa mpaka barazani. Watu walitoka Mkomani na Langoni, na wengine walikuwa wamekuja kutoka Kipungani na mikeka yao ya kuuza. Nilikaa kwenye mabomba pamoja nao, mistari miwili ya watu wakinawa mikono, nyuso, miguu, na nikayasikia maji yakishuka mferejini. Nafsi ilinishawishi nifungue bomba langu zaidi. Nilijizuia, kwa sababu israfu ni israfu hata kwa ajili ya simu. Katika sala nilijitahidi kuomba mambo mengine pia.

Baada ya sala nilimchukua Bi Nyambura hadi Langoni. Nilimfungulia sebule ya Bi Zena, nikamwonyesha simu ukutani na mkono wake wa kuzungusha, kisha nikarudi nyuma nikasimama mlangoni, nje ya kizingiti, ili asiseme nimegusa kitu. Alizungusha. Akaweka chombo sikioni. Akanitazama, na mimi nikatazama saa ya ukutani ya Bi Zena, ambayo imekwenda mbele dakika ishirini tangu niifahamu.

Kisha nikamwona akinyooka, kama mtu aliyeitwa jina shuleni.

"Ndiyo," akasema katika simu. "Hapana, sina nambari. Namtaka Bwana Mutua." Akasikiliza. "Nyambura. Ndiyo, kutoka makao makuu." Akasikiliza tena. "Bado. Nitakula Manda." Akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. "Sawa. Nitakula hapa."

Aliweka kiganja juu ya chombo akanigeukia.

"Anasema Mutua yuko mlangoni na watoto wa shule, hawezi kuja sasa. Ananiuliza kama nina ujumbe."

"Unao?"

Alifungua daftari lake kwa mkono mmoja, akaukata ule mstari mfupi aliouandika asubuhi, akakata taratibu, mara mbili. Kisha akarudisha chombo mdomoni.

"Mwambie Mutua ayafungue masanduku," akasema. "Yote matatu. Ubao unabaki Amu, na chumba kinabaki. Ripoti itafuata kwa maandishi." Akasikiliza. "Ndiyo, ni hivyo. Ubao unabaki Amu. Umelisikia sawasawa." Akasikiliza tena, na safari hii alikuwa akitabasamu. "Asante na wewe, Bi Zena. Nikimaliza nizungushe mara moja, sawa."

Akazungusha mkono mara tatu kwa nguvu, chombo kikiwa bado sikioni.

"Nimesema mara moya," ikasema simu. Mimi nilikuwa nje ya kizingiti, hatua nne kutoka ukutani, na nililisikia neno hilo lote.